Kisu, Mpini na Ala: Msamiati wa Uhunzi wa Ufipa na Somo Lake kwa Wanaisimu



1.0 Utangulizi

Hapa mezani nimeweka kisu cha mwindaji. Kilifuliwa kwa mkono katika kibanda cha mhunzi mmoja nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Bapa lake limetokana na springi ya gari bovu. Kipini chake ni cha mkurungu, mti wenye kiini chekundu unaoota katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania. Ala yake ni ya ngozi ya mbuzi. Sikukileta hapa kwa kuwa mimi ni mwindaji. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na hata kabla yake, uwindaji bila kibali ni kosa, nami sina kibali wala shabaha. Nimekileta kwa sababu ni ushahidi wa kosa langu mwenyewe, na ningependa kosa hilo liwafae wale wanaoanza kazi hii leo.

Mwaka 1986, nikiwa mtafiti kijana, nilipanda uwanda wa juu wa Ufipa nikiwa na orodha ya maneno ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza neno kwa Kiswahili, kusikiliza jawabu kwa Kifipa, na kuliandika kwa alama za kifonetiki. Katika orodha hiyo kulikuwa na kisu, moto, jiwe na mti. Nilimkuta mzee mhunzi akifanya kazi, nikamwuliza maneno yangu, akanijibu kwa subira huku mkono wake ukiendelea na nyundo. Kisha akakiinua chuma kutoka motoni kwa koleo, akakitazama rangi yake, akatamka neno moja la Kifipa, na papo hapo akakitumbukiza majini. Nikamwuliza, “Mzee, umesema nini?” Akanijibu kwa Kiswahili, “Nimesema kimeiva, mwanangu.”

Niliandika “kimeiva” katika daftari langu. Neno lenyewe la Kifipa sikuliandika, kwa kuwa halikuwamo katika orodha. Niliporudi mwaka 2008 mzee huyo alikuwa ameshafariki. Mwanawe, ambaye huchomelea milango na madirisha ya vyuma, alinionyesha kisu hiki alichokiacha baba yake, akakubali niondoke nacho. Nilipomwuliza lile neno, alifikiri kitambo, kisha akasema, “Sisi tunasema kimeiva tu.” Sina haki ya kudai kwamba neno hilo limekufa, Wafipa ni wengi na wahunzi wao bado wapo. Ninachokiri ni kwamba nilikuwa nalo masikioni, nikaliacha lipite.

Mhadhara huu basi una lengo moja, nalo ni kuonyesha kwamba msamiati wa ufundi ni sehemu ya lugha yenye historia ndefu na utaratibu wake, na kwamba mwanaisimu anayeuacha nje ya daftari lake huacha pia sehemu ya historia ya watu. Nitaanza na chuma chenyewe, kisha nitapita katika maneno fua, kisu na mpini, na mwisho nitarudi kwenye mti wa kipini.

2.0 Kutoka ilungu hadi fuawe

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko kwenye kimo cha takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Anayesafiri katika wilaya za Nkasi na Sumbawanga bado anaweza kukuta, katikati ya mashamba au pembezoni mwa njia, mabaki ya tanuri refu la udongo, lenye umbo la mnara na urefu unaoweza kufikia mita tatu. Wafipa huliita ilungu, wingi wake malungu.

Ilungu halikuhitaji mivukuto. Urefu wake ndio uliovuta hewa kupitia matundu yaliyo chini, kama bomba la moshi linavyovuta hewa jikoni, na moto ukaendelea kuwaka hata wahunzi wakiwa wamekaa pembeni. Tanuri lilijazwa mkaa na mawe ya chuma kwa matabaka. Kilichotoka hakikuwa chuma kilicho tayari kufuliwa, bali bonge lililochanganyika na taka. Bonge hilo lilihamishiwa katika tanuri la pili, dogo sana, liitwalo kintengwe, wingi wake vintengwe. Hapo sasa mivukuto ilitumika, na chuma kikatakaswa kabla ya kupelekwa kwenye jiwe la kufulia.

Taarifa hizi tunazo kwa sababu wapo waliozirekodi. Mmisionari Wyckaert aliandika kuhusu wahunzi wa eneo hili katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Greig alieleza uyeyushaji wa chuma wa Ufipa mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwanaanthropolojia Roy Willis alitafiti jamii na historia ya Wafipa kwa miaka mingi. Mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania, na mwaka 2010 akatoa kitabu kizima juu ya uhunzi wa Wafipa. Randi Barndon kutoka Norwei naye aliwalinganisha wahunzi wa Kifipa na wa Kipangwa. Kutokana na kazi hizi tunajua kwamba uyeyushaji ulikuwa pia tendo la ibada. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi, dawa zake zilitunzwa na fundi mkuu, na waliolihudumia walijiepusha na tendo la ndoa mpaka chuma kilipopatikana, kwa kuwa chuma kilihesabiwa kuwa kimezaliwa.

Kwa nini juhudi yote hiyo? Sababu kubwa ilikuwa jembe. Kilimo cha Wafipa kimejulikana kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambamo majani hufukiwa ili yaoze na kuurutubisha udongo. Kazi ya kupindua udongo wenye nyasi nzito kiasi hicho haifanyiki bila jembe zuri. Majembe yalitumika pia katika mahari na biashara. Shoka, mkuki na kisu vilifuata nyuma ya jembe. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei nafuu wakati wa ukoloni, kazi ya siku nyingi ya ilungu ilikosa faida. Kufikia katikati ya karne ya 20 malungu hayakuwashwa tena kwa mahitaji ya kila siku. Kilichoendelea ni kazi ya kufua: mhunzi aliacha kuyeyusha mawe, akaanza kuokota nondo, reli na springi.

Mwanafunzi wa lugha azingatie jambo moja hapa. Teknolojia ilikatika katikati. Nusu ya kwanza, yaani uyeyushaji, iliondoka. Nusu ya pili, yaani ufuaji, ikabaki. Maneno ya nusu ya kwanza yalibaki kwa wazee na katika vitabu vya wanaakiolojia. Maneno ya nusu ya pili yangali vinywani mwa mafundi, na hayo ndiyo tunayoweza kuyakusanya leo.

3.0 Kitenzi fua na jamaa zake

Tuanze na tendo. Kwa Kiswahili mhunzi hufua chuma. Dobi naye hufua nguo, na mkwezi hufua nazi. Asiyeweza jambo, twasema hafui dafu. Kinachoziunganisha maana hizi ni kupiga: chuma hupigwa kwa nyundo, nguo zilipigwa juu ya jiwe kabla ya kuwapo beseni na sabuni ya unga, na nazi hupigwa juu ya kifuo mpaka makumbi yatoke.

Wanaisimu linganishi wanakirejesha kitenzi hiki kwenye mzizi wa Kibantu *-túd-, wenye maana ya kupiga na kufua chuma. Katika Kiswahili, *t iliyotangulia irabu *u ya juu kabisa ilibadilika kuwa f, na *d iliyokuwa kati ya irabu ikadondoka. Tukapata fua. Linganisha:

Kikuyu: -tura, na mhunzi ni mũturi
Kibemba: -fula
Kichewa: -sula
Kinyarwanda: gucura, na mhunzi ni umucuzi
Kiswahili: -fua

Kikuyu, ambacho kimehifadhi irabu saba, kimeihifadhi pia t. Lugha zilizopunguza irabu zikabaki tano zimeibadili konsonanti hiyo, kila moja kwa njia yake. Kinyarwanda kinaonyesha jambo la ziada: kiambishi cha mtendaji -i kimeigeuza r ya gucura kuwa z katika umucuzi. Hivyo jedwali dogo la neno moja la mhunzi linaweza kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza fonolojia ya kihistoria kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Pierre de Maret na F. Nsuka walionyesha mwaka 1977 jinsi maneno ya metali yanavyoweza kutumika kuchunguza historia ya Wabantu. Hata hivyo, yafaa tuwe waangalifu. Neno lililokuwa na maana ya “kupiga” kwa ujumla laweza kupewa maana ya “kufua chuma” baadaye, baada ya chuma kuwasili. Kuwapo kwa mzizi mmoja katika lugha nyingi hakuthibitishi peke yake kwamba wazee wa lugha hizo walikuwa na chuma. Uthibitisho huo sharti utoke pia ardhini, kwa wanaakiolojia.

Tahadhari hiyohiyo inahusu majina. Kusini mwa Ufipa wapo Walungu, na katika uainishaji wa Guthrie lugha yao, M14, ni jirani ya Kifipa, M13. Mtu anayesikia ilungu na Ulungu hushawishika kutangaza kwamba watu hao wamepewa jina la tanuri. Yawezekana, lakini mfanano wa sauti pekee si ushahidi. Mpaka toni, urefu wa irabu na historia ya majina hayo mawili vichunguzwe, tuuache mfanano huo ubaki swali.

Kwa upande wa zana, Kiswahili hakina uhaba. Kuna mvukuto wa kupulizia moto, koleo la kushikia chuma, nyundo ya kupigia, na fuawe la kufulia. Neno fuawe laonekana kuunganisha fua na -we, shina lile lile la jiwe na mawe. Kama uchambuzi huo ni sahihi, neno hilo linahifadhi kumbukumbu ya wakati ambapo chuma kilifuliwa juu ya jiwe, kama ilivyokuwa Ufipa. Leo fuawe la mhunzi wa Sumbawanga laweza kuwa kipande cha reli, lakini jina linaendelea kusema jiwe.

4.0 Kisu na ukubwa wake

Sasa tukitazame kisu chenyewe. Neno hili liko katika ngeli ya ki-/vi-, na shina lake ni silabi moja tu, -su. Kwa kuwa shina ni fupi kiasi hicho, ukubwa wake si *su, bali jisu, wingi majisu. Na udogo wake ni kijisu, wenye ki- mbele ya ji-. Tofauti na hali hiyo, upanga una shina la silabi mbili. Ukiondoa u- tu unapata panga, chombo kipana na kizito cha kukatia miti. Hivyo upanga na panga, ambavyo mtoto wa mjini huviona kuwa vitu viwili visivyohusiana, ni umbo la kawaida na ukubwa wake.

Mpangilio wa ngeli unajitokeza pia katika maneno ya Kifipa niliyoyataja. Tanuri kubwa, ilungu/malungu, limo katika ngeli inayolingana na ile ya jisu/majisu. Tanuri dogo, kintengwe/vintengwe, limo katika ngeli inayolingana na ile ya kisu/visu. Mashina yake ni tofauti, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba moja ni udogo wa jingine. Lakini utaratibu wa kukiweka kikubwa huku na kidogo kule ni ule ule, na Mswahili anayeyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza huyaelewa nusu kabla hajafasiriwa.

Neno chuma nalo ni la ngeli hiyohiyo: ki- ikikutana na -uma hutoa chuma, na wingi wake vyuma. Katika Kinyarwanda neno la jamaa hiyo, icyuma, lina maana ya metali na pia ya kisu. Kwa msemaji wa Kinyarwanda, malighafi na chombo vimekuwa jina moja.

Kisu pia kina mwili. Kina makali, ncha, bapa na mgongo. Sehemu inayoingia ndani ya kipini ni msuka. Pete inayoukaza mdomo wa kipini ili usipasuke ni noleo. Kinachokihifadhi ni ala. Mzee wa Sumbawanga aliupasha moto msuka wa kisu hiki mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha katika mkurungu uliokwisha tobolewa tundu jembamba. Msuka ukajichomea nafasi yake wenyewe, na ulipopoa ukashika. Noleo alilikata kutoka bomba la shaba. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu pete hii na kuwauliza jina lake. Wengi hujibu “ringi”.

5.0 Mpini umebaki, makali yamebadilika

Yapo maneno mawili ambayo yanastahili kuwekwa pamoja katika lugha nne:

Kiswahili: kisu; mpini
Kibemba: umwele, umupini
Kichewa: mpeni; mpini
Kinyarwanda: icyuma; umuhini

Safu ya kwanza haifanani. Safu ya pili ni neno moja, likiwa na badiliko la kawaida la p kuwa h katika Kinyarwanda. Kishona nacho kina mupinyi.

Hali hii ni kinyume cha ile ya karakana. Fundi hubadilisha mpini kila unapooza au kuvunjika, lakini bapa lile lile hudumu hadi linapokwisha kwa kunolewa. Katika lugha, ni makali yaliyobadilishwa mara kwa mara, na mpini ukadumu. Naona sababu mbili. Kwanza, mpini ni hasa wa jembe, na jembe ndilo lililokuwa mkononi mwa kila mtu kila siku. Pili, bapa ndilo lililosafiri. Visu viliuzwa na kubadilishwa, na kila umbo jipya lilifika na jina lake. Pwani ilipokea jambia kutoka Uarabuni, na neno feleji kwa upanga wa chuma bora. Mpini haukuwa bidhaa ya kuagizwa. Ulichongwa nyumbani kwa mti wa nyumbani.

Methali zetu zinaujua uzito huo. Shoka lisilo mpini halichanji kuni. Tena, katika mabishano, husemwa kwamba fulani ameshika mpini na mwenzake ameshika makali, yaani aliyeshika mpini ndiye mwenye uwezo. Sikio la kawaida husikia hapo habari ya nguvu. Sikio la mwanahistoria wa lugha lisikie pia habari ya nani aliyebaki na nini.

6.0 Mti wa nani ni mgeni?

Visu vya kufuliwa kwa mkono vina wapenzi wengi Ulaya na Marekani, ambao hupenda vipini vya mbao wanazoziita za kigeni. Miongoni mwa mbao hizo ni mpingo, mbao nyeusi na nzito kiasi cha kuzama majini, ambayo hutumika pia kutengenezea klarineti na vinyago vya Wamakonde. Mkurungu nao umesafiri sana kwenda nje. Biashara hiyo iliwatia watu hofu juu ya hatima ya miti hii. Kuanzia Januari 2017 jenasi ya mpingo iliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mkurungu ukafuata mwaka 2019.

Nilipojaribu kumfasiria yule kijana wa Sumbawanga kwamba nje ya nchi kipini kama hiki husifiwa kuwa cha mti wa kigeni, alicheka. Kwake yeye, mti wa kigeni ni mkaratusi uliopandwa nyuma ya nyumba. Mkurungu si mgeni hata kidogo. Ugeni haumo ndani ya mti. Umo katika mahali alipo msemaji. Mfasiri anayeyahamisha maelezo ya kisu kutoka lugha moja hadi nyingine bila kulitazama hilo atamwambia Mfipa kwamba mti wa kwao ni mgeni kwao. Kosa la namna hii halimo katika msamiati. Ni kosa la kusahau nani anazungumza na nani.

7.0 Hitimisho

Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoirithi mwaka 1964, na BAKITA tangu mwaka 1967 zimefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni tunda mojawapo. Sina nia ya kuibeza kazi hiyo. Ninachoomba ni kwamba kabla hatujaunda neno, tukaulize kwanza katika kibanda cha mhunzi, cha seremala na cha mfinyanzi, kwani huenda neno lipo na linafanya kazi.

Kwa wanafunzi mtakaokwenda maskani nina ushauri wa namna tatu. Kwanza, msiulize orodha mbele ya mtu anayefanya kazi; kaeni, mtazame kazi tangu kuwashwa kwa moto hadi kunolewa kwa makali, ndipo muulize kila hatua inaitwaje. Pili, andikeni neno kwanza, fasiri baadaye. Fasiri inaweza kupatikana tena. Neno pengine halitapatikana. Tatu, msiridhike na nomino. Ustadi wa mhunzi umo katika vitenzi na katika majina ya hali: chuma kikiwa bado, kikiwa tayari, kikiwa kimepita. Mzee yule aliitambua hali hiyo kwa rangi tu, bila kipimajoto, na alikuwa na jina lake.

Daftari langu la mwaka 1986 bado ninalo. Katika ukurasa wa 14 kuna neno la Kifipa la kisu, limeandikwa vizuri, na toni zake zimewekwa. Chini yake kuna neno la Kiswahili “kimeiva”, na kando yake nafasi tupu. Mwenye kulijua neno la kuijaza nafasi hiyo, au atakayekwenda Ufipa akalisikia, namwomba aniletee. Nami nitakiri mbele yake, kama nilivyokiri mbele yenu leo, kwamba niliambiwa nikiwa hatua mbili tu kutoka motoni.